Mratibu wa ubora wa huduma atarajie mshahara gani?

Mkulima wa korosho wa Masasi au Newala hahitaji kufundishwa kwamba ubora una bei. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, korosho zake hukaguliwa, hupimwa na kupangwa madaraja kabla ya kufika mnadani, na tofauti kati ya daraja la kwanza na la pili huiona katika malipo yake. Anajua vilevile kwamba daraja halipatikani siku ya mnada. Limepatikana miezi mingi nyuma, alipopulizia salfa kuzuia ubwiriunga, alipookota kwa wakati, alipoanika na kuchambua. Kuchambua ni kazi, na kama hana muda wa kuifanya mwenyewe humlipa mtu amfanyie.

Hospitalini tumezoea utaratibu mwingine. Miongozo ya Wizara ya Afya inazitaka hospitali za halmashauri, na Mkomaindo ya Masasi pamoja na ile ya Newala zimo katika kundi hilo, ziwe na timu ya kuboresha huduma na mtu mmoja wa kuiratibu. Mtu huyo ndiye mchambuzi wetu. Lakini ukiuliza analipwa kiasi gani kwa uratibu huo, jibu la kawaida nchini ni kwamba halipwi. Analipwa kwa kuwa muuguzi, tabibu, mfamasia au mtaalamu wa maabara. Uratibu ameongezewa kwa barua.

Vijana wanaohitimu katika vyuo vyetu vya afya wamekuwa wakiuliza swali lililo kichwani mwa makala haya, na wanauliza wakitarajia tarakimu. Sina tarakimu ya kuwapa, kwa sababu katika utumishi wa umma haipo. Ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, zile zinazoandikwa kwa herufi TGHS, hufuata kada, elimu na daraja. Humo utamkuta ofisa muuguzi na utamkuta mteknolojia wa maabara, lakini mratibu wa ubora hutamkuta kama kada inayojitegemea. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, mratibu alifaidika na mabadiliko ya mishahara kama mtumishi mwingine yeyote, si kama mratibu. Anaweza kuiongoza timu ya ubora miaka 8, kisha akastaafu bila kazi hiyo kuacha alama yoyote katika mshahara wake wala katika mafao yake.

Kabla ya kusema alipwe nini, inafaa tuelewane anafanya nini, maana hata watumishi wenzake huwa hawajui vizuri. Wengi humhusisha na zile S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Utaratibu huo uliingia nchini kwa ushirikiano na Japani, ukaanzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, na leo vibandiko vyake viko hadi kwenye zahanati za vijijini. Kwa hiyo mratibu huonekana kama msimamizi wa usafi na mpangaji wa mafaili. Hayo ni sehemu ya kazi yake, tena iliyo rahisi.

Sehemu ngumu haionekani. Chukua dawa ya oksitosini, inayochomwa mama akishajifungua ili mji wa mimba ukaze na damu ipungue. Dawa hii hutunzwa kwenye ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8. Jokofu likizimika kwa kukatika umeme mara kwa mara, au chupa zikikaa mezani kwa siku kadhaa katika joto la Masasi la mwezi Novemba, nguvu yake hupungua na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Usiku wa manane mkunga anaichoma kwa kipimo sahihi, kwa wakati sahihi, na damu haikomi. Ataongeza kipimo, ataita msaada, na mambo yakiharibika atajilaumu au atalaumiwa. Chanzo kilikuwa kwenye jokofu wiki tatu nyuma. Mtu pekee ambaye kazi yake ni kuliona jambo hilo mapema, akiisoma karatasi ya joto la jokofu na kushangaa kwa nini imeandikwa nyuzi 5 asubuhi na jioni kwa mwezi mzima bila kubadilika hata siku umeme ulipokatika, ni mratibu wa ubora.

Ni yeye pia anayepaswa kuuliza kwa nini sanduku la dharura la kifafa cha mimba lina magnesiamu salfeti lakini halina sirinji za kutosha. Ni yeye anayekaa na jalada la mama aliyefariki na kutafuta, bila kumsaka mchawi, ni saa ngapi zilipita kati ya uamuzi wa kumpasua na kupasuliwa kwenyewe, na zilipotelea wapi. Juu ya Uwanda wa Makonde, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni na pampu ikiharibika mabomba hukauka, ni yeye anayepaswa kuwa na mpango wa watu kunawa mikono siku hiyo. Bango la kunawa mikono lililobandikwa juu ya sinki kavu halimlindi mgonjwa.

Kazi ya namna hii inataka saa zilizotengwa, inataka kujua hesabu, na inataka ujasiri wa kumwambia daktari bingwa kwamba takwimu za wodi yake si nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa Vienna kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Vifo vilipungua sana katika wodi yake, naye hakuongezewa mkataba. Si ajabu kwamba kazi hii haina wagombea wengi.

Sasa turudi kwenye matarajio ya mshahara, maana yapo, na yametoka mahali fulani. Kwa sehemu kubwa yametoka kwenye miradi. Kwa miaka zaidi ya 20 fedha za wafadhili, hasa za Marekani katika huduma za VVU, ziliajiri maofisa wa ubora wenye mikataba, magari na malipo ambayo muuguzi wa halmashauri aliyatazama kwa mbali. Kijana aliyesoma tangazo la kazi la mradi alijiwekea kichwani kiwango fulani, akaamini hicho ndicho kima cha kazi hiyo. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ajira nyingi za namna hiyo zilikatika kwa wiki chache. Rejesta zilibaki, na jokofu la oksitosini lilibaki linahitaji mtu wa kulitazama. Kima kile kilikuwa cha bajeti ya mfadhili, ambayo haikupangwa kudumu kama hospitali inavyodumu. Simlaumu aliyeifuata, kila mtu ana ada za watoto. Ila kupima thamani ya kazi kwa kipimo hicho ni kujiandalia masikitiko.

Upande wa pili wako wanaosema mratibu asidai kitu, kwa kuwa uuguzi na utabibu ni wito. Hoja hii ina mizizi mirefu kusini. Huduma za hospitali katika eneo la Masasi zilijengwa kwa sehemu kubwa na wamisionari. Leader Stirling, daktari mpasuaji kutoka Uingereza, alikuja mwaka 1935 chini ya misheni ya UMCA, akafanya kazi Lulindi na baadaye Mnero, na hatimaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kati ya 1975 na 1980. Wabenediktini waliijenga Ndanda, ambayo hadi leo ni hospitali ya rufaa inayotegemewa. Watu hao walifanya kazi kubwa kwa malipo madogo, na heshima yao ni ya haki. Lakini tukiwatolea mfano, tuutoe mzima. Shirika la mtawa humpa nyumba, humlisha, humtibu na kumtunza uzeeni, wala hana mtoto wa kupeleka chuo. Wito wake una bajeti, tena ya maisha yote. Anayemwambia muuguzi wa Masasi mwenye nyumba ya kupanga kwamba afanye kwa wito, huku akimnyima hata saa za kuifanyia kazi hiyo, amechukua nusu ya mfano.

Wapo pia wanaodhani dawa ni kulipa kwa matokeo: hospitali ikifanya vizuri, mratibu na wenzake wapate bakshishi. Nchi yetu imelijaribu jambo hili. Mwaka 2011 mkoani Pwani yalianza malipo kwa ufanisi, na mwaka 2015 Kishapu ikaanza mfumo mwingine wa malipo kwa matokeo uliopelekwa baadaye katika mikoa kadhaa. Pwani wanawake waliojifungulia vituoni waliongezeka, jambo la kushukuru. Kwa mratibu wa ubora, hata hivyo, naona hatari ambayo haimpati mkunga kwa kiwango kile kile. Yeye ndiye mtunza mizani. Ukimlipa kwa kadiri mizani inavyosoma, umempa sababu ya kuigusa. Karatasi ya jokofu yenye nyuzi 5 kila siku itapendeza zaidi, na hatakuwa na hamu ya kuihoji.

Tulishaonja jambo la jirani na hilo katika upimaji wa vituo kwa nyota. Awamu ya kwanza, 2015/16, ilikuta takriban theluthi moja ya vituo vya ngazi ya msingi havistahili hata nyota moja. Awamu ya pili, 2017/18, sehemu hiyo ilishuka sana. Maendeleo yalikuwa ya kweli, kwani vyoo vilijengwa, dawa zilipangwa na kamati zikaanza kukutana. Lakini kila aliyefanya kazi katika kituo anajua wiki ile kabla wakaguzi hawajafika: rangi hupakwa, mihtasari ya vikao huandikwa kwa mkupuo, na mratibu halali. Wakaguzi wakishaondoka, S ya tano, shikilia, huwa ya kwanza kusahaulika. Wengi huita tabia hiyo uvivu. Mimi naona kwamba ndivyo kazi inavyokuwa inapokosa muda wake. Mtu mwenye zamu kamili wodini ataufanya uratibu unapokuja ukaguzi tu, kwa sababu siku nyingine zote ana wagonjwa mbele yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumlipa mratibu ni muda. Katika hospitali ya ukubwa wa Mkomaindo, napendekeza apewe angalau siku mbili kamili kwa wiki zisizo na zamu, ziandikwe kwenye ratiba ya wodi kama zinavyoandikwa likizo, na Muuguzi Mfawidhi asiwe na ruhusa ya kuzifuta kila panapotokea pengo. Najua nitajibiwa nini. Wodini usiku yuko muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi, na huyu anataka mwingine akakae na makaratasi! Jibu langu ni kwamba upungufu huo ndio unaoifanya kazi hii iwe ya lazima. Pale wafanyakazi wanapotosha, kosa la mmoja husahihishwa na jicho la mwenzake. Pale alipo mmoja peke yake, hakuna jicho la pili isipokuwa mfumo, na mfumo hauwezi kujitunza. Kwa zahanati yenye watumishi wawili nisingedai hivyo. Huko mratibu wa halmashauri ndiye awafuate, na apewe mafuta ya pikipiki.

Jambo la pili ni posho ya kila mwezi inayolingana na dhamana anayopewa kiongozi wa kitengo katika hospitali hiyohiyo, kiasi kimoja kisichobadilika, kiwe nyota zimepanda au zimeshuka. Fedha zitoke wapi? Tangu 2017/18 sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na hospitali zina mapato yake ya uchangiaji na bima. Kila chanzo kina masharti ya matumizi, na Katibu wa Afya anayajua vizuri kuliko mimi. Mahali pa kuliamulia ni kwenye mpango wa mwaka wa hospitali, mbele ya timu ya uendeshaji na bodi ya afya ya halmashauri. Huko ndiko liandikwe kama gharama ya kudumu. Likiachwa kama posho ya kikao, litategemea nani ameitisha kikao.

La tatu ni kumbukumbu ya utumishi. Sishawishiki na wanaotaka ianzishwe leo kada mpya ya waratibu wa ubora yenye muundo wake. Kada mpya ingemtoa mratibu wodini moja kwa moja, na mratibu asiyegusa wagonjwa husahau haraka wodi inavyonuka saa nane usiku. Ninachotaka ni kwamba miaka ya uratibu ihesabiwe anapopandishwa daraja na anapoomba ruhusa ya masomo. Barua ya uteuzi itaje majukumu, muda na mtu anayewajibika kwake. Barua nyingi za aina hii zina mistari mitatu na hazitaji lolote kati ya hayo.

Katika hospitali za binafsi na za mashirika ya dini hali ni nyingine, kwa kuwa huko cheo kinaweza kuwa ajira kamili. Maabara zinazofuata kiwango cha ISO 15189 zilikuwa za kwanza kuwazoesha watu jambo hili, kwani huwezi kuitwa maabara yenye ithibati bila mtu anayejulikana kwa jina kuwa msimamizi wa mfumo wa ubora. Hospitali ya Aga Khan ya Dar es Salaam ilipopata ithibati ya kimataifa ya JCI mwaka 2016, ilionekana wazi kwamba idara ya ubora ni ofisi yenye watu wake. Anayeomba kazi huko na aulize mambo mawili kabla ya kutaja kiasi. Je, anaripoti kwa mkurugenzi au kwa mkuu wa idara anayotakiwa kuikagua? Je, ana uwezo wa kusimamisha kitu, mathamani kufunga chumba cha upasuaji ambacho mashine yake ya kutakasia vifaa imeshindwa kipimo? Mshahara mkubwa bila mamlaka hayo ni malipo ya kusaini fomu. Kwa hospitali za mashirika ya dini nina neno la ziada: katika hizo huweza kukutana ofisini wawili wa taaluma moja, mmoja analipwa na serikali na mwingine na jimbo, na malipo yao hayafanani. Uratibu usigawiwe kwa yule wa bei nafuu. Wagonjwa hawajui nani analipwa na nani.

Nimewataja wagonjwa mwishoni, ingawa wao ndio wenye maslahi makubwa zaidi. Zamani tatizo kubwa lilikuwa mama kutofika hospitali. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 81 kati ya 100 walizaliwa katika vituo vya afya, kutoka 63 katika utafiti wa 2015/16, na vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mama wa Newala siku hizi anafika. Sasa swali ni anachokikuta. Tume ya kimataifa iliyotoa ripoti yake katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu milioni 5 hufariki kila mwaka kwa sababu ya huduma duni, kuliko milioni 3.6 wanaofariki kwa kutoifikia huduma.

Wagonjwa na ndugu zao wana wawakilishi katika bodi ya afya ya halmashauri na katika kamati za usimamizi za vituo. Mara nyingi wajumbe hao huuliza kuhusu dawa, lugha ya wauguzi na gari la wagonjwa, na hufanya vema. Kikao cha kupitisha mpango wa mwaka kikifika, waongeze maswali mengine matatu: mratibu wa ubora katika hospitali yetu ni nani, ana siku ngapi kwa wiki za kazi hiyo, na fungu lake liko ukurasa gani. Mganga Mfawidhi aliyejipanga atayajibu bila kufungua jalada.